Kanga ya kikundi imetoka vibaya. Kosa liliingia hatua gani? (Tanga)

#1 KalamuYaChumbageni
Wakuu habari. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite.

Mimi nabuni kadi, mabango na nembo, kaofisi kangu kapo Ngamiani. Mwezi wa tatu walinijia akina mama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Wanatimiza miaka 10, wanataka kanga yao wenyewe, doti 300, na ndani iwepo mikonge kwa sababu wengi wao wazazi wao waliishi kwa kukata mkonge. Kanga sijawahi kubuni hata moja, ila nikajisemea mstatili wenye maua utanishindaje. Nikapokea malipo ya awali.

Mpango niliubandika ukutani kabisa. Wiki ya kwanza kuwasikiliza, ya pili michoro mitatu, ya tatu wachague, ya nne faili liende kiwandani Dar. Yote yakafanyika kwa siku zake. Kwenye laptopu ile kanga ilikuwa inang'aa. Mke wangu, ambaye kusifia kwake ni kwa mwaka mara moja, alisema "hii nitavaa".

Mzigo umefika juzi kwa basi. Tumelifungua robota Makorora, nyumbani kwa mwenyekiti. Akakunjua moja, akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, akaiweka mbali tena. Kimya. Kisha akampa katibu: "Hebu wewe mwenye miwani, pameandikwa nini hapa?"

Jina, yaani yale maandishi ya kanga, halisomeki ukisimama hatua tatu. Mikonge imevimba, haina ncha. Salio langu wamelishikilia mpaka "tuongee vizuri".

Kiwanda sikilaumu, walichapa nilichowatumia. Ninachotaka kujua ni hatua gani niliyoharibu, maana mpango niliufuata wote.

#2 Mzee_wa_Raskazone
Picha mkuu. Uzi kama huu bila picha ni stori za barazani.

#3 KalamuYaChumbageni
Hiyo hapo, msinicheke. Mji (ile sehemu ya katikati) ni mwekundu, mikonge na herufi ni kijani, pindo ni kamba za mkonge zilizosukwa. Jina lake:

KIDOGO CHETU KIMETOSHA WENYE VINGI MWATUANGALIA NINI

#4 BintiPongwe
Kanga si mbaya jamani. Ila hayo mananasi yamefuata nini kwenye kikundi cha watoto wa wakata mkonge?

#5 KalamuYaChumbageni
Hiyo ndiyo mikonge yenyewe.

#6 BintiPongwe
Aaah. Basi samahani mkuu, pole na kazi.

#7 MchoraUkuta
Mimi ni mchora mabango wa brashi tangu kabla hizo printa hazijafika mji huu, nimechora maduka ya Barabara ya 8 mpaka ya 20. Tatizo lako nimeliona kabla hata picha haijafunguka vizuri. Ni rangi.

Kijani ulichotumia na nyekundu uliyotumia zina uzito mmoja. Jicho linaona rangi mbili, lakini halioni kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, ndiyo maana herufi zinacheza cheza. Fanya hivi sasa hivi, usingoje kesho: chukua picha uliyotuwekea, iondoe rangi kwenye simu, ibaki nyeusi na nyeupe. Ukiona jina limepotea, umepata jibu lako.

Sisi wa brashi hatukuwa na simu ya kutuonyesha, tulikuwa tunakunja macho. Unakaza kope mpaka ukuta unakuwa ukungu. Kinachobaki kinaonekana ndicho mteja atakachokisoma akiwa kwenye bodaboda. Bango la bucha nililochora 1998 nyekundu juu ya kijani lilinirudisha kazini kwa gharama zangu, tangu hapo sijarudia.

#8 Mzee_wa_Raskazone
Nimeiondoa rangi. Jina limepotea kweli, limebaki kivuli. Nanasi nalo limekuwa fenesi.

#9 Vekta_na_Nukta
Mchora ana hoja ila anaponya homa, malaria hajaigusa. Mwanzisha uzi, swali moja tu: turubai lako kwenye programu lilikuwa la ukubwa gani?

#10 KalamuYaChumbageni
A4 ya kulala, nukta 300 kwa inchi. Kama ninavyofanya kadi.

#11 Vekta_na_Nukta
Nilijua.

Wakuu tufanye hesabu pamoja. Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110. A4 ukiilaza ina upana wa sentimita 29.7. Kwa hiyo kiwandani walikuvuta mara tano na ushee. Nukta zako 300 zikawa 60 hivi. Ncha ya jani la mkonge iliyokuwa imechongoka vizuri kwenye A4 ikawa ngazi, mtu wa kiwandani akailainisha ili ichapike, ndipo ukapata nanasi. Hapo hakuna uchawi.

Kitambaa hakidai nukta 300 kama kadi, nyuzi zenyewe ni nene, hata 150 zingetosha. Lakini 60 hapana. Na ungechora mikonge kwa vekta, yaani kwa mistari ya kompyuta badala ya nukta, tangu mwanzo tusingekuwa na uzi huu, maana vekta ukiivuta hadi ukubwa wa uwanja wa Mkwakwani ncha inabaki ncha.

#12 MchoraUkuta
Sawa kwa mikonge. Na herufi je? Mwanzisha uzi, herufi nazo zilikuwa picha?

#13 KalamuYaChumbageni
Hapana, herufi nilizigeuza kuwa vekta. Mikonge ndiyo nilichora kwa mkono, nikapiga picha kwa simu, nikaisafisha kwenye Photoshop.

#14 MchoraUkuta
Basi herufi hazikuvutwa zikachakaa. Zimekaa safi kabisa na bado hazisomeki. Homa na malaria, Vekta.

#15 Shangazi_Doti
Wanangu nimewasoma, mna akili, Mungu awazidishie. Mimi nauza kanga Mgandini huu mwaka wa ishirini na kitu, kompyuta siijui. Nawaambia nilijualo.

Kanga huanza na jina. Jina likishapatikana ndiyo unalitafutia rangi ya kulichukua na mji wa kulipamba. Mteja akija kwangu hasemi nipe yenye maua ya duara. Anasimama pale, anasoma moja moja, midomo inamcheza, akifika kwa ile inayosema lililo moyoni mwake anacheka peke yake, ndipo anauliza bei. Wengine wananitumia mtoto: "mama kasema umpe ile inayosema vile". Rangi hajaitaja!

Huyu mwanangu kaanza na mikonge. Jina kaja kulichomeka mwisho kama mgeni aliyekuta mkeka umejaa. Litasomekaje?

#16 LesoYaKale
Shangazi shikamoo. Naomba kuongeza na kupinga kwa adabu.

Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi. Historia yake inaanzia kwenye leso, neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso nyingi wanaziunga kuwa nguo moja. Wenzetu Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Maandishi yalikuja baadaye, na kwa muda mrefu yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi. Kwa hiyo mji na pindo ni kaka na dada wakubwa, jina ni kitinda mimba.

Na kisutu je? Kile chekundu, cheusi na cheupe, biharusi hakosi. Kisutu cha asili hakina jina hata herufi moja na hakuna bibi asiyekijua.

#17 Mzee_wa_Raskazone
Na mwanzilishi wa majina ni yule wa "Mali ya Abdulla" wa Dar.

#18 LesoYaKale
Wa Mombasa mkuu, si Dar. Kaderdina Hajee Essak. "Mali ya Abdulla" ilikuwa alama ya biashara yake, inaandikwa pembeni. Halikuwa fumbo la kumsema jirani.

#19 Shangazi_Doti
Marahaba. Kisutu hakina jina kwa sababu chenyewe ni jina. Ukikiona umejua pana harusi. Hiki cha mananasi ukikiona unajua nini?

#20 BintiPongwe
Unajua ni msimu wa matunda 😂

#21 TichaWaHesabu
Nimekaa kimya ila hili la jina linapimika, tusibishane kwa hisia.

KIDOGO CHETU KIMETOSHA ni herufi 20, ukiweka nafasi mbili ni 22. Sentensi yote mpaka NINI ni herufi 46 na nafasi sita, jumla 52. Kisanduku cha jina kwenye kanga za nyumbani kwangu (nimepima tatu, mke wangu ananiangalia kama nimerogwa) kina urefu wa sentimita 70 hivi. Gawanya mwenyewe. Kwa maneno matatu kila herufi inapata zaidi ya sentimita 3. Kwa sentensi nzima inapata sentimita 1 na kidogo. Hapo hata ungetumia nyeusi juu ya nyeupe, mtu wa hatua tatu angeona sisimizi.

Swali kwa mwanzisha uzi: hivi jina lilikuwa refu hivyo tangu siku ya kwanza?

#22 KalamuYaChumbageni
Ticha umenishika pabaya.

Hapana. Tulikubaliana KIDOGO CHETU KIMETOSHA. Nililipenda, fupi, linakaa vizuri katikati ya mikonge miwili. Siku mbili kabla ya kutuma faili, saa nne usiku, mwenyekiti akanitumia sauti WhatsApp, dakika sita. Kwa nyuma nasikia watu wanabishana na sufuria inagongwa. Kwamba kikundi kimekaa, limeongezwa neno. Nikamwambia kisanduku kimeshapimwa. Akanijibu: "Mwanangu, punguza herufi, watu wana macho."

Nikapunguza. Nilikuwa nimechoka, na kiwanda kilikuwa kimenipa tarehe.

#23 Mzee_wa_Raskazone
"Wenye vingi mwatuangalia nini" lina mwenyewe hilo. Kuna mtu anatafutwa Makorora.

#24 Shangazi_Doti
Anatafutwa na keshajijua. Hilo jina namwelewa mwenyekiti, zuri, lina mwiba. Ila ungemwambia kanga moja hubeba mwiba mmoja. Achague: ajisifu au amchome mtu.

#25 Kadi_Bila_Deni
Sasa nimeelewa, na nawashangaa mnaozungumzia nukta na rangi. Kosa ni mkataba. Wateja wa kamati ndio walioua kazi hii.

Mimi niko Bagamoyo, nilishatengeneza nembo ya timu ya mtaa yenye viongozi tisa. Wa kwanza anataka simba, wa pili anasema simba hakai baharini, weka papa. Nikaweka papa. Mweka hazina akasema papa anatisha wadhamini. Nembo ya mwisho ilikuwa na mpira, jahazi, nazi, mnara na papa anayetabasamu. Mpaka leo nikipita uwanjani natazama upande mwingine.

Tangu hapo nina karatasi moja, ukurasa mmoja tu. Anayeamua ni mtu mmoja na anatia saini. Marekebisho mawili bure, la tatu linalipiwa. Na kuna siku ya kufunga mlango: baada ya siku hiyo hata nukta haibadiliki. Mpango wako wa ukutani ulikuwa na wiki nne lakini haukuwa na mlango.

#26 MamaVikoba_Duga
Kadi_Bila_Deni taratibu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi (si hicho) na hizi lawama za "kamati" tumezizoea. Kanga ni yao, fedha ni yao, tena za kudunduliza kila Jumamosi. Kubadili jina ni haki yao.

Kosa ni kwamba hakuwaonyesha. Aliwaonyesha nini? Picha kwenye simu! Mama wa miaka sitini, kioo kina ufa, jua la saa saba, unamwambia "mama umeona?" Atasema ameona, atakuonea aibu. Mimi nimeshasema "nimeona" mara ngapi na sikuona kitu. Angekuja na kitambaa, hata shuka lililochorwa kwa kalamu, wenyewe wangesema "mwanangu haya maandishi mbona madogo", na neno wangeliondoa kabla hajawaomba.

#27 KalamuYaChumbageni
Hili limeniuma mama, kwa sababu ni kweli niliwatumia kwenye kundi lao la WhatsApp. Wakajibu kwa mikono ya kupiga makofi kumi na saba. Nikahesabu kuwa ni saini.

#28 Kadi_Bila_Deni
Makofi si saini. Nenda kaiandike ukutani kwako.

#29 FundiSkrini
Habari zenu. Nimechelewa, nilikuwa safarini Pangani, ila hapa nina la kusema kwa kuwa nimefanya kazi ya kuchapa.

Mwanzisha uzi, faili lako lilikuwa na rangi ngapi? Usinihesabie nyeupe.

#30 KalamuYaChumbageni
Sita. Nyekundu, kijani tatu za mikonge (kiza, katikati, nyepesi), nyeusi, njano ya kamba.

#31 FundiSkrini
Na kwenye kanga uliyopokea? Ihesabu.

#32 KalamuYaChumbageni
Nyekundu, kijani, nyeusi, njano… nne. Mungu wangu. Kijani ni moja.

#33 FundiSkrini
Ndiyo hiyo. Nanasi lako limezaliwa hapo, wala si kwenye A4 ya Vekta.

Kila rangi ina skrini yake, ule wavu unaopitisha rangi kwenye kitambaa. Rangi sita maana yake skrini sita, na bei inapanda kwa kila skrini. Bei uliyokubaliana nao bila shaka ilikuwa ya rangi nne, wakaunganisha kijani zako tatu kuwa moja. Kwenye karatasi ya makubaliano imo, kaisome tena. Sasa jani la mkonge uliloligawa kwa kivuli, ukiondoa vivuli linabaki doa. Umbo lako lote ulilijenga kwa vivuli, na kanga haipendi vivuli. Inapenda mstari na eneo. Tazama korosho kwenye kanga yoyote ya zamani: rangi moja, mstari mweusi, nukta ndani, kwisha. Mtoto anaitambua.

Halafu skrini zikiwa nyingi ndivyo zinavyopishana. Rangi moja ikihama milimita mbili, herufi nyembamba inamezwa. Kwa hiyo hata jina linaweza kuwa limeliwa na mapishano, si udogo wala rangi. Piga picha ya herufi kwa karibu, uone kama upande mmoja kuna mstari mwembamba mweupe.

#34 KalamuYaChumbageni
Nimepiga. Kwenye kanga nne upo, kwenye moja haupo. Na hiyo moja nayo haisomeki.

#35 TichaWaHesabu
Asante kwa ushahidi 🙏 Sentimita moja.

#36 MchoraUkuta
Asante kwa ushahidi. Kijani juu ya nyekundu.

#37 MtotoWaUrafiki
Uzi umenikumbusha mbali. Baba mdogo alikuwa mchoraji kiwanda cha Urafiki pale Dar, kile kilichojengwa na Wachina, kilianza 1968. Alikuwa anatusimulia kwamba hawakuanza na rangi kabisa. Wanachora kwa penseli kwenye karatasi ya ukubwa wa nguo yenyewe, mezani, wanazunguka meza. Kisha kila rangi wanainakili peke yake kwa wino mweusi kwenye karatasi inayopitisha mwanga. Rangi nne, karatasi nne, zote nyeusi. Ukizipanga juu ya dirisha ndiyo unaona kama zinakutana.

Yaani mtu anafanya kazi wiki nzima na rangi hajaiona, lakini umbo amelikariri mpaka kwenye ndoto. Mwanzisha uzi alianza na rangi kwa sababu kompyuta inampa rangi bure.

#38 Kijana_wa_Usagara
Wazee mnajitesa. Si achape kwa mashine ya joto? Rangi hata milioni, hakuna skrini, doti kumi kumi unachapa. Mimi nachapa fulana hivyo.

#39 FundiSkrini
Fulana za poliesta, sema ukweli. Ile rangi inashika poliesta, kwenye pamba inafuliwa mara mbili inaondoka.

#40 Kijana_wa_Usagara
Basi iwe kanga ya poliesta.

#41 Shangazi_Doti
Kanga ya poliesta kaifunge wewe. Inateleza, haishiki kiuno, haifuti jasho, mtoto ukimbeba mgongoni anashuka kama yuko kwenye bembea. Kanga mpya nikimuuzia mtu namwambia ailoweke kwanza, inywe maji, ilainike. Hiyo yako italainika lini?

#42 Kijana_wa_Usagara
Nimenawa mikono 😂

#43 LesoYaKale
Kuna kitu hakijasemwa. Jina linakaa wapi kanga ikivaliwa? Laptopu inakuonyesha kanga imelala bapa kama ramani. Hakuna anayevaa ramani. Ukiifunga kiunoni unaizungusha, nusu inafichwa ndani, jina linaangukia nyuma. Ukijitanda, linakuja mgongoni na katikati kuna mkunjo. Mikonge yako miwili mikubwa iko kulia na kushoto, kwa hiyo ikifungwa mmoja unabanwa ndani na mwingine unapindia ubavuni. Hata ingechapwa vizuri, mvaaji angekuwa na nusu nanasi.

#44 Shangazi_Doti
Hapo umesema. Na pindo la chini lisisahaulike, ndilo linalotembea. Mwanamke akipita unaona pindo na jina. Mji unauona ukiwa umeshaalikwa ndani.

#45 Mzee_wa_Raskazone
Shangazi 🙈

#46 Vekta_na_Nukta
Nimekubali kushindwa nusu. Ila pendekezo la vitendo: kabla hujabishana na kikundi, chapa kanga nzima kwa ukubwa wake halisi kwa karatasi za A4 nyeusi na nyeupe. Ukizisimamisha zinatosha nane kwa upande mrefu na nne kwa upande mfupi, 32. Kwa shilingi mia mbili karatasi moja ni 6,400. Ziunge kwa gundi, tundika, rudi nyuma. Ungefanya hivyo wiki ya pili ungeokoa doti 300.

#47 KalamuYaChumbageni
Nafanya leo usiku. Nitarudi.

#48 KalamuYaChumbageni
Nimerudi, ni saa sita na nusu, nyumba imejaa karatasi.

Nimechapa faili lile lile bila kubadili kitu. Kuziunga kumenichukua saa mbili kwa sababu printa inaacha ukingo mweupe kila karatasi, ikabidi kuukata wote kwa wembe. Tumeitandika sakafuni, haikuenea sebuleni, ikabidi tutoe meza. Nilikuwa sijawahi kujua kanga ni kubwa namna hii, na nimelala kwenye shuka za kanga tangu nizaliwe.

Tumeibandika ukutani. Vivuli vitatu vya kijani vimetoka vijivu vitatu, kwa hiyo mikonge inaonekana mikonge, ncha zina ngazi ndogo lakini ni mikonge. FundiSkrini pointi moja. Jina limepotea palepale, kijivu juu ya kijivu. MchoraUkuta pointi. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikazijaza herufi zote nyeusi. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, hatua tano. Linasomeka, kwa shida, ila linasomeka.

Mke wangu kasimama hapo hapo nilipokuwa nimesimama. Anasema yeye haoni kitu baada ya KIMETOSHA. Nikamwambia soma. Akasema "najua linasemaje, ndiyo maana nasema sioni".

Halafu akajifunga ile karatasi. Ikachanika katikati ya VINGI.

#49 TichaWaHesabu
Wewe umeliandika hilo jina, umelikodolea macho wiki nne, usingeshindwa kulisoma hata gizani. Shahidi ni mkeo. Sentimita moja.

#50 MchoraUkuta
Alipolijaza nyeusi likasomeka. Udogo ni ule ule, kilichobadilika ni rangi. Mwalimu, hesabu hiyo inakushinda?

#51 MamaVikoba_Duga
Na mke kaona mara moja kwa sababu kaonyeshwa kitu kikubwa ukutani. Mimi nimemaliza.

#52 Kadi_Bila_Deni
Na sentensi isingekuwa ndefu kama mlango ungefungwa. Mimi pia.

#53 KalamuYaChumbageni
Kesho naenda Makorora na hayo makaratasi. Nawaonyesha yote, na ninawapa mchoro mpya: mkonge mmoja katikati kwa mstari mweusi, kijani moja, jina jeupe, maneno matatu. Skrini sehemu yangu nitachangia, salio tugawane. Niombeeni.

#54 Shangazi_Doti
Nenda asubuhi kabla jua halijapanda, na usianze na hesabu. Anza na shikamoo.

#55 MtotoWaUrafiki
Leta mrejesho, usitukimbie.

#56 KalamuYaChumbageni (siku nne baadaye)
Mrejesho.

Mwenyekiti kanipokea vizuri, nimepewa na chai na vitumbua. Makaratasi tumeyatundika uani kwenye kamba ya nguo. Wamekuja kumi na moja, wamesimama, wamebishana wao kwa wao kama nyie. Wawili wanasema rangi, katibu anasema herufi, bibi mmoja anasema mkonge hauna uzuri wa kuwekwa kwenye kanga, ulimtoboa jicho baba yake.

Mchoro mpya wameukubali kwa duru ya pili, baadaye mwakani. Nimewasainisha, mtu mmoja. Salio nimepewa nusu.

Ila zile doti 300 hawataki kuzirudisha wala kuzificha. Zimeshagawanywa. Nikauliza, si mlisema haisomeki? Mwenyekiti akaniambia: "Aliyelengwa keshaisoma."

#57 Mzee_wa_Raskazone
😂😂 Nilisema anatafutwa mtu.

#58 TichaWaHesabu
Aliisoma kutoka hatua ngapi?

#59 BintiPongwe
Wakuu, nimetoka Mgandini sasa hivi. Dada mmoja alikuwa anapita duka kwa duka anauliza kama ile kanga nyekundu ya mananasi imebaki. Nimemwelekeza kwa Shangazi.

#60 Shangazi_Doti
Kaja. Nimemwambia hiyo haiuzwi, ni ya kikundi. Kauliza kikundi kinapokea wanachama wapya siku gani.

#61 KalamuYaChumbageni
Ni mikonge.